Shemeji Wandera na Viatu vyake vya Mbale

Jumanne. Mawingu ya Julai yamegoma kuondoka juu ya Nairobi, na manyunyu yamenilowesha kuanzia Kariokor hadi dukani Ngara. Nina hasira, na sijui hata nimkasirikie nani.

Shemeji Wandera amekuja.

Ni mume wa dada yangu Nekesa, fundi viatu kule Mbale, Uganda. Zamani makarani, walimu, hata padri, wote walivaa viatu vyake. Siku hizi wanampita mlangoni. Wananunua vya kiwanda kutoka hapa Nairobi, kwa kuwa kati ya Kenya, Uganda na Tanganyika bidhaa zetu hazilipi ushuru. Vya Ulaya vinatozwa bandarini na kupanda bei. Vyetu vinapita bure. Tajiri wangu anavipeleka Mbale kila mara, na anayefunga masanduku ni mimi.

Shemeji analijua hilo. Ndiyo maana hakuja kwangu nyumbani. Alikuja moja kwa moja dukani, gunia la viatu begani.

"Shemeji, nipeleke kwa tajiri wako," alisema hata salamu hazijaisha. "Kama njia iko wazi, iwe wazi pande zote. Vyangu navyo viuzwe hapa."

Nilimwambia haiwezekani. Akaketi juu ya sanduku, akakataa kuondoka. Nikampeleka.

Tajiri alichukua kiatu kimoja, akakikunja, akakinusa. "Kazi safi sana, fundi. Lakini gundi unanunua wapi? Misumari? Soli?"

"Kwa Wahindi wa Mbale."

"Nao wananunua kwangu."

Hakucheka. Na alisema kweli: vifaa vikimfikia vimeshapandishwa bei mara mbili, shemeji hawezi kushusha yake hata akishona bila kula.

Nilidhani atabeba gunia lake nimsindikize stesheni. Badala yake tajiri akasema karakana ya nyuma inahitaji mtu wa kugongelea soli. Na shemeji, mtu ambaye hajawahi kumwinamia yeyote, akauliza kazi inaanza lini.

Kesho!

Nimemgombeza njia nzima ya kurudi nyumbani. Fundi wa kushona kiatu kizima, leo agongelee soli tu, siku nzima, kama mashine? Alinisikiliza mpaka tukafika mtoni, kisha akasimama.

"Shemeji, wewe unataka nikae Mbale na heshima yangu. Watoto wanataka kula."

Nikampokea gunia, tukavuka.

Gazeti linasema soko moja litatunufaisha sote katika nchi tatu. Aliyeandika hayo aende Mbale akatafute fundi wa viatu.

Sasa amejinyoosha kitandani mwangu, anakoroma, nami nimebaki na kigoda. Amenipa jozi moja ya viatu vyake. Imenikaa vizuri mno, na hilo limenikera zaidi.

Nekesa anangoja habari. Nitamwambiaje kwamba mumewe ameajiriwa na mtu aliyemmalizia wateja, na kwamba aliyemshika mkono kumfikisha pale ni mimi, kaka yake?