Weusi wa Dawa ya Fedha

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Huwezi kuitikia, najua, lakini ulinilea kwa adabu na siwezi kuanza bila kukuamkia.

Nakumbuka ulivyoletwa hospitalini mjini juu ya lori la mahindi kutoka Laela, mguu umeungua kwa chungu cha pombe ya ulezi. Mlikuwa mkiwapikia watu waliojenga nyumba za kijiji kipya cha ujamaa. Hukulia. Uliponiona katika sare ya uuguzi ulicheka, ukawaambia wagonjwa wenzako kwa Kifipa kwamba huyu ndiye uliyekuwa ukimfuta kamasi.

Niliona aibu. Ndiyo, shangazi, nilikuonea aibu wewe.

Majeraha ya moto tuliyafunga kwa dawa ya madini ya fedha. Chupani ni kama maji matupu, lakini huua vijidudu vinavyoleta usaha, na ikipata mwanga hugeuza bandeji na ngozi kuwa nyeusi tii. Hata vidole vyangu vilikuwa vyeusi. Hayo yote nilikueleza, kwa Kiswahili cha haraka, wauguzi wenzangu wakisikiliza. Ukaniuliza kitu kwa Kifipa. Nikakujibu kwa Kiswahili, kama vile sikukulia mgongoni kwako. Ukasema, "Ndiyo, mwanangu." Kiswahili chako kilikuwa cha kusalimia na kununua chumvi. Nilijua hilo.

Siku ya tatu nilikuwa mapumzikoni. Mumeo alikuja, ukamwomba akurudishe nyumbani, mkaondoka. Uliporudi baada ya wiki mbili kidonda kilikuwa kimeoza, homa imekupanda, na dawa haikufua dafu. Ndipo nilipokuuliza kwa Kifipa kwa nini ulitoroka.

"Niliona mguu umekuwa mweusi, nikajua umekufa, mtaukata," uliniambia. "Nilitaka nizikwe na miguu yangu yote miwili."

Ulizikwa nayo.

Majuto ni mjukuu, na wangu amezeeka pamoja nami. Tangu siku ile kila aliyeungua nilimwonyesha vidole vyangu kwanza, nikamweleza kwa Kifipa, taratibu, mpaka aulize maswali. Wenzangu walinicheka, halafu wakaanza kuniita niwaeleze wagonjwa wao pia. Wengi walipona. Kila aliyepona nilimfurahia, kisha nikakukumbuka wewe.

Barua hii nimeiandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika. Jumapili nitakuja kaburini nikusomee kwa Kifipa, kwa sauti, hata kama watu wanapita. Mguu wako haukuwa umekufa, shangazi. Ulikuwa unapona.

Pumzika.

Mimi mwanao, binti wa kaka yako