Kitabu Kilichoanzwa kwa Nyuma

Mwananyamala,
Dar es Salaam.
9 Agosti 1953

Mpendwa Shangazi Demetria,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na migomba imesalimika na upepo ule. Sie huku wazima, ila binti yangu Kokuberwa bado anakohoa kidogo.

Uliniandikia kuwa, kwa maneno ya daktari, macho yako yamebakiwa na kitabu kimoja tu. Ukaniachia nichague kipi usome kati ya vile viwili vya Kirusi nilivyonunua mnadani, vilivyotafsiriwa kwa Kiingereza.

Nikaona nisikosee, nikamwomba ushauri Theonest, karani wa masjala ofisini kwetu, anayejisifu kwa kusoma. Nimejuta. Yule bwana husoma kitabu kama jalada la serikali: barua mpya hukaa juu na ndiyo husomwa kwanza, basi na kitabu yeye hukianzia nyuma. Tena hulamba kidole chenye mafuta ya sambusa ndipo afunue. Kurasa za mwisho zimejaa madoa, hata kuzishika naona kinyaa.

Kisha akatangaza mbele ya makarani wote nani anakufa na nani anaolewa, katika vitabu vyote viwili. Nilimwomba anyamaze. Akanijibu, "Leodegar, mwenye shida anataka jibu. Hayo ya katikati ni barua za zamani."

Maneno hayo yalinichefua kuliko mafuta yake. Katutilia mchanga kitumbua chetu, wala hajui. Akashauri upewe chembamba ili umalize upesi. Wewe, uliyenifundisha kusoma neno kwa neno na kunichapa nikiruka mstari!

Nimekuchagulia kinene. Watu wake wana majina matatu matatu kama sie Wahaya, hutapotea. Kurasa za mwisho nimezishona kwa uzi; ukizifikia, kata.

Macho yakigoma njiani, tia alama hapo uniite. Likizo yangu ni Desemba. Nitakuja nikusomee kuanzia mstari huohuo, siruki hata mmoja. Mwisho naujua, Theonest alaaniwe, lakini kwangu hutausikia kabla ya wakati wake. Sauti ikianza kunitetemeka mapema, nichape kama zamani.

Nisalimie binamu Gozbert, na Kokushubila na wanawe. Mungu akulindie mwanga mpaka Desemba, nami anifikishe.

Ni mie mwanao nikupendaye,
Leodegar