Vijana Wote Ni Mimi

Kisiba, Jumanne jioni

Mvua imenyesha tangu asubuhi. Nimefunga mlango mapema, ingawa hakuna aliyekuwa anakuja.

Leo kwenye mkutano wa kijiji, mtendaji alisoma maoni ya vijana kuhusu kitu cha kujenga kwenye kile kiwanja kilicho wazi kando ya barabara. "Vijana wanaomba chumba cha kompyuta chenye intaneti," alisoma. Niliyatambua maneno kabla hajamaliza sentensi.

Yalikuwa yangu.

Maoni yalikusanywa kwa fomu ya mtandaoni. Wenzangu wote hapa kitongojini wana simu za kitochi, za kupiga na kupokea tu. Simu janja ninayo mimi, nilirudi nayo kutoka chuoni. Nikajaza. Kumbe nilijaza peke yangu.

Wao wanataka banda la ndizi. Siku ya mnunuzi wanapanga mikungu barabarani kusubiri gari lake, wanaifunika kwa majani ya migomba, wenyewe wanalowa. Kila mtu analijua hilo. Hata mimi nililijua.

Atupele, niliyesoma naye shule ya msingi, aligeuka akaniangalia. "Kumbe vijana ni wewe."

Ambakisye, kaka yake, akadakia. "Mheshimiwa, na sisi wazee utukumbuke."

Wakacheka. Nami nikacheka, lakini nilichelewa, wao walikuwa wameshanyamaza.

Sikudanganya. Niliulizwa, nikajibu. Chuoni niliandika kurasa nyingi kuhusu uraia, na sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuwa raia nusu kwa sababu ya simu aliyonayo mfukoni.

Ila hapa niseme ukweli. Chumba kile sikuwaombea vijana. Nilitaka mahali ambapo wenzangu wangekuja wakae nami, wakihitaji kitu ninachokijua. Shambani hawanihitaji. Hata mkungu naukata vibaya.

Nilimfuata mtendaji baada ya mkutano. Akasema mfumo unapokea maoni mara moja tu kwa kila namba ya simu, na hadi Ijumaa yanaweza kurekebishwa. Maana yake, ili ya kwao yaingie, ya kwangu yafutike.

Kesho gari la ndizi linapita. Nitashuka barabarani na simu, nimpe Atupele aandike wanachotaka, kwa maneno yao. Sitamsahihisha.

Hilo ni jepesi. Ninachokiogopa ni dakika zitakazofuata, akishanirudishia simu, nami nimesimama pale mvuani. Sijui kama watasogea nipate pa kukaa kati yao.