Jerumani Hakatwi

Jumatatu, 4 Julai 1949
Baridi. Upepo umeng'oa nyasi za paa la banda la mbuzi, nimezirudisha mwenyewe, sikuomba mtu. Mbwa wangu Jerumani hajarudi, siku ya pili leo. Jike la jirani yangu Alfonsi linataka dume na mbwa wote wa kijiji wako huko. Wa kwangu yuko mbele yao, sina shaka. Kutoka hapa mpaka Kaengesa hakuna mbwa wa kumweza. Nilimpa jina hilo kwa sababu hajui kurudi nyuma. Niliwabebea Wajerumani mizigo vitani, niliwaona kwa macho.

Jumanne, 5 Julai
Alfonsi amekuja asubuhi. Hakukaa. Eti mbwa wamepigana juu ya uwanja wake wa kupuria ulezi, uwanja mpya, juzi tu wanawake wameupaka mavi ya ng'ombe. Damu, manyoya, mikojo, vyote ndani ya ulezi wa pombe ya harusi ya binti yake. Nikamwambia ulezi huoshwa. Akasema mbele ya mke wangu, "Mzee, mhasi huyo mbwa wako. Usipomhasi nitampa nyama ya sumu." Kisha akaongeza, "Madume yangu yote ya ng'ombe umeyahasi huku unacheka. Leo zamu yako kulia."
Mtoto yule. Nilikuwapo siku anabatizwa, alilia mpaka padre akakasirika.
Simhasi.

Jumatano, 6 Julai
Jerumani amerudi. Sikio limechanika, mguu anauburuta, lakini kichwa juu. Wenzake wameumia zaidi, nimepita kuwatazama mmoja mmoja.
Kristina anasema mbwa akihasiwa hutulia, hunenepa, hukaa nyumbani. Alisema hivyo huku ananitazama mimi. Nikamwambia sikumwoa ili anifundishe mifugo. Ugali wangu nimempa Jerumani, Kristina anaona. Nimelala njaa. Si kitu.

Alhamisi, 7 Julai
Jumbe ameniita barazani. Watu tele, kazi hawana. Amekata shauri: mpaka Jumapili baada ya misa mbwa awe amehasiwa, la sivyo atatuma vijana wenye mikuki. Nikasema nitamfunga. Wakacheka. Kamba mbili ameshazitafuna, kila mtu anajua.
Nikasema mbwa aliyehasiwa halindi, fisi watamaliza mbuzi wangu. Jumbe akasema wa kwake amehasiwa na anabweka. Mbwa gani yule. Boga lenye mkia.
Halafu akaniuliza kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma: "Mzee Lazaro, kisu ni chako, kazi ni yako. Miezi ya baridi ndiyo hii, nzi hakuna. Shida iko wapi?"
Nimetoka bila kuaga. Nyuma nimesikia mtu anasema, "Anaogopa." Sauti ya Alfonsi.

Ijumaa, 8 Julai
Sikutoka nje. Sitaki kuona uso wa mtu.
Tangu mapadre waliponifundisha, nikiwa kijana, kuhasi ng'ombe wa kukokota magari yao, nimehasi madume ya Ufipa yote. Watu walinifuata kutoka Kipili, wakapanda mlima siku mbili kwa ajili ya mkono huu. Hata dume moja halikunifia.
Uongo. Nimeandika uongo katika daftari langu mwenyewe.
Dume la Alfonsi lilikufa, lile jekundu, mwaka jana, mwezi wa tatu. Kila mtu anajua kazi hii haifanywi masika. Nilijua kuliko wote. Lakini walikuwapo watu wanatazama, nikasema kwa Lazaro hakuna masika wala kiangazi. Lakini hata mvua haikuliua. Ni mkono. Ulitetemeka, ukakata pasipostahili, damu ikakataa kukoma. Nikamwambia Alfonsi ng'ombe alikuwa na ugonjwa wake wa ndani. Akaniamini. Akaniletea paja, shukrani ya kujaribu. Nikala.
Tangu siku hiyo mkono huu haujatulia. Hata kalamu naishikilia kwa mikono miwili. Nikimhasi Jerumani, nitamwua. Nisipomhasi, watamwua. Nikimwita mhasi mwingine, kijiji kizima kitauliza kwa nini, na Alfonsi atalikumbuka dume lake.
Nawachukia wote. Na mbwa pia, kwa nini hakukaa nyumbani.

Jumamosi, 9 Julai
Imefanyika.
Alfajiri, nyuma ya nyumba. Nimemfunga miguu, mdomo nimeuzungushia kamba ya gome. Aliniamini, mjinga. Kristina alikaa na kibuyu cha majivu, kama anavyokaa siku zote. Nimeweka kisu, nimekiondoa. Nimekiweka tena. Mkono ukacheza kama jani. Nikakohoa, nikasema jua halijatosha, sioni vizuri.
Kristina aliweka kibuyu chini. Kisha akasema, "Baba Yosefu, shika kichwa." Akakitoa kisu mkononi mwangu kama unavyomnyang'anya mtoto.
Nilitaka kumpiga kofi. Nimeshika kichwa.
Miaka yote ile nilidhani anatazama majivu. Alikuwa anatazama kazi. Amekata ninavyokata mimi, pale pale ninapokata mimi, hakupapasa. Majivu, chumvi kidogo, basi. Alipomaliza, uji aliouacha jikoni ulikuwa haujachemka.
Nilipomfungua alijiburuta mpaka kwake. Kwake yeye aliyemkata. Mimi alinionyesha meno.
Sijasema asante. Sitasema.

Jumapili, 10 Julai
Baada ya misa walikuja, wajumbe wawili wa Jumbe na Alfonsi nyuma yao. Wamemtazama mbwa. Kidonda kikavu, hakuna uvimbe. Alfonsi ameinama, ametazama kwa karibu sana, nikadhani anatafuta kosa. Akainuka ananyoosha mkono.
"Mzee, nilisema vibaya barazani. Mkono wako ni ule ule. Nina madume mawili, njoo kabla baridi haijaisha."
Nikasema nitakuja.
Kristina alikuwa anapepeta ulezi hatua tatu kutoka hapo. Hakuinua kichwa. Ungo haukusimama hata kidogo. Walipoondoka nikangoja aseme neno. Nilikuwa nimeshatayarisha la kumjibu, kali kweli. Hakusema. Mpaka sasa hajasema.
Heri angesema.

Jumanne, 12 Julai
Nimemkaripia Kristina kwa ajili ya chumvi ya mboga. Chumvi ilikuwa sawa.

Alhamisi, 14 Julai
Nimekwenda kwa Alfonsi kabla hajaja kunichukua. Madume yalikuwa yamefungwa tayari, mazuri, shingo nene. Nimemwambia atafute mtu mwingine. Akaniuliza, "Mwaka huu tu, mzee?" Nikasema mwaka huu na mwingine. Akaniuliza kwa nini. Nikamwonyesha mkono. Nimeunyoosha mbele yake, nikauacha ucheze. La dume jekundu sikulitaja. Aliutazama muda mrefu, kisha akautazama mlango wa zizi. Sijui ameelewa kiasi gani. Hakudai kitu. Alinisindikiza mpaka njia kuu.
Nimerudi jioni. Kristina amekaa karibu na moto, Jerumani amelala miguuni pake. Nimemwambia nimeacha kazi. Akasema, "Haya," akasogeza kigoda. Nimekaa. Jike la Alfonsi limebweka mbali. Jerumani ameinua masikio, ameyalaza.