Tini ya Keki Niliyowawekea Kuku Maji

Kiogoro, Jumapili, Septemba 1971

Mvua ya mchana imenyesha ikaacha, na nyumba imepoa. Mama aliondoka asubuhi. Tangu hapo sijafanya kazi yoyote ya maana.

Nilimdanganya mama yangu.

Nilipoolewa, miaka mitatu iliyopita, mama alinipa tini yake ya keki, ya chuma kizito, aliyoitumia nyumbani Nyaramba tangu nikiwa mdogo. Ilikuwa nyeusi kwa mafuta na moto wa miaka mingi. Alinifundisha kuipaka mafuta, kuinyunyizia unga, na baada ya kuoka kuipangusa tu kwa kitambaa na maji moto, nisiisugue kwa majivu. Keki ilitoka yenyewe ukiigeuza.

Lakini wanawake wa kanisa walipoanza kunitembelea, niliionea haya. Mwezi uliopita nilienda kwa Mama Jaya, Mhindi mwenye duka la vyombo Kisii mjini, nikachagua tini mpya, nyembamba, inayong'aa. Mama Jaya aliibonyeza kwa kidole gumba, ikabonyea.

"Mama, hii kwa moto ya makaa hapana," aliniambia. "Chini itaungua, katikati itabaki mbichi. Chukua hii nzito."

Nikamwambia nataka inayong'aa.

Ile ya mama niliitoa nje, nikawatilia kuku maji.

Ijumaa nilikuwa naoka keki ya Sabato. Nilitandaza mchanga ndani ya sufuria kubwa, nikaweka tini mpya juu yake, nikafunika na kupanga makaa kwenye kifuniko. Nilikuwa shambani kwenye migomba niliposikia harufu ya kuungua, nikakimbilia jikoni. Keki ilikuwa nyeusi chini na uji katikati. Nilipotoka nayo nje, nikamkuta mama uani. Alikuwa amekuja bila kutuma habari, na alikuwa amechuchumaa mbele ya tini yake.

"Kemunto, hii huitumii?"

"Imetoboka, mama."

Maneno yalitoka kabla sijafikiri. Mama akamwaga yale maji, akaiinua kuelekea jua, akaitazama kwa muda. Haikuwa na tundu hata moja. Nilijua, naye akajua.

"Sawa," alisema. "Nitaipeleka kwa fundi aizibe."

Kisha aliingia ndani, akakata keki yangu pembeni palipoiva, akala, akasema ni tamu. Jana tulienda kanisani pamoja, akambeba mtoto wangu njia nzima, na hakulitaja jambo lile tena. Angenigombeza ningepata nafuu.

Leo asubuhi aliifunga tini kwenye leso, akaitia kikapuni. Nilimsindikiza hadi barabarani huku nikijiandaa kusema ukweli, nikaishia kuongea habari za chai na mvua. Gari lilipofika alinishika mkono.

"Usijali, mwanangu. Vyombo huchakaa."

Hapo ndipo ningesema. Sikusema.

Bwanangu anasema ni tini tu, nimwandikie barua. Lakini mama hajui kusoma. Ndugu yangu ndiye atakayemsomea, nami sitaki aibu hii ipite mdomoni mwa mtu mwingine.

Nimeamua kwenda mwenyewe Nyaramba keshokutwa. Sitaiomba ile tini. Nitamwambia haikutoboka, na kwamba nilikuwa naionea haya. Hilo la pili ndilo zito. Nikiwa mbele yake, nitaweza kulitamka?