Vitambaa Vyekundu Kwenye Matuta ya Mchanga

Mwaka umekatika, Mama, tangu tukuzike, na bado tukipita kwenye matuta ya mchanga nyuma ya nyumba tunatembea tumeinama kama watu waliodondosha pete. Umetuambukiza.

Wenzako walichungulia nyua za watu. Wewe umbea wako ulikuwa wa mimea. Kila jani geni ulilichuchumalia: "Huyu kaja lini? Nani kamleta?" Jua likipoa ulifunika cherehani, ukachukua mto wako wa masalio ya vitambaa, ukaenda kupiga magoti mchangani kung'oa magugu. Lile la maua ya manjano, ambalo watu walilileta kupamba bustani likatoroka, ulilichukia hasa. Ulisema linausonga mmea wetu wa asili, ule unaotambaa, wenye majani kama kwato za mbuzi, na kwamba huo ukifa mchanga wote utahamia majumbani. Tulicheka. Tulidhani unatia chumvi.

Ulipoanza kuumwa uliifunga mimea ya asili vitambaa vyekundu, kila mmoja chake, ili isiguswe. Wifi yako peke yake ndiye uliyemwambia.

Sasa Mama, usicheke. Baada ya msiba Baba alitaka kukufurahisha. Kwa miaka yote aliyokutazama ukishona, alijua uzi mwekundu kwenye nguo una maana moja tu: fumua hapa. Basi akaenda matutani, akang'oa kila kilichofungwa kitambaa. Magugu akayaacha yanawiri. Alirudi kachoka, anatabasamu. "Nimemaliza kazi ya Mama Watoto."

Shangazi alipoliona lile rundo alishika kichwa. "Kaka wee! Umeng'oa watoto wake!"

Baba hakula siku ile. Aliyarudisha mashina mchangani, akayafukia, akayamwagilia. Yakakauka yote. Upepo ukaja, mchanga ukaingia jikoni, kwenye sukari, mpaka kwenye shuka. Tukaona hapa hapana mchezo, nyumba itafukiwa. Tukatoka wote, tukang'oa yale ya manjano hadi viganja vikachubuka, tukachukua vipande vya mmea wa asili upande wa pili wa ufuko, tukavipanda.

Vingi navyo vilikufa. Ndipo tukaanza kujiuliza mambo ambayo hatukuwahi kukuuliza ukiwa hai. Unafukia fundo la shina au unaliacha juu? Maji asubuhi au jioni? Mbona huyu kashika na jirani yake kafa? Mjukuu wako alilala kifudifudi mchangani akivitazama, eti anataka kuona mzizi unatoka upande gani. Damu yako hiyo, hatuna la kusema.

Juzi asubuhi Baba alikuta shina moja limeshika, limetambaa, na ua la zambarau limefunguka. Alikuja mbio na magoti yake yale mabovu, akatupita sebuleni bila salamu, moja kwa moja hadi chumba cha cherehani.

"Mama Watoto, njoo uone!"

Akasimama mlangoni. Cherehani ilikuwa imefunikwa. Tulimfuata, tukamshika, tukalia naye palepale. Kisha tukaenda wote kuliona.

Unakumbukwa na mumeo, wanao watatu, wifi yako, mkweo, na mjukuu wako mwenye maswali. Hatutakusahau, Mama, siku zote za maisha yetu.