Uwanja wa Ngano Niliouanika kwenye Simu

Mpendwa Bi Graciete,

Nakuomba unisaidie kabla ya Ijumaa ya tatu ya Oktoba, maana ikishapita siku hiyo ushauri wako hata uwe mzuri vipi hautanifaa. Mimi ni mwashi, Mreno kama wasomaji wako wengi, nina miaka sitini na mbili na nimefanya kazi hapa Luxemburgi miaka thelathini na mmoja, zamani kwenye barabara, sasa kwenye maegesho ya chini ya ardhi ambako naingia alfajiri na jua nalisikia kwa wenzangu tu. Shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo nisamehe, nikianza sentensi huwa sioni pa kusimama. Majina nimeyabadilisha.

Miaka sita iliyopita mimi na mke wangu, nimwite Lucília, tulinunua gari-nyumba kuukuu, yaani lile gari lenye vitanda, jiko na choo humo humo ndani, na tangu hapo Agosti ikifika hatukimbilii tena nyumbani kwa barabara kuu siku mbili bila kulala kama wenzetu. Tunachukua siku tisa kupitia miji midogo ambayo hakuna anayeitaja. Lucília ana sheria yake, mji wenye basi la watalii tunaupita, mji wenye duka la mikate na wazee kwenye benchi tunasimama. Tumelala Ufaransa kwenye mji wa kiwanda cha vigae kilichofungwa, ambako fundi mstaafu alituonyesha tanuri zote kumi na mbili kana kwamba ni kanisa, tumelala kwenye mji mwingine penye daraja lililopinda ambalo hakuna anayejua kwa nini lilipindishwa, na kila mji mke wangu anauandika kwenye daftari, pamoja na alichokula na nani aliongea naye.

Labda hujui desturi ya watu wa magari-nyumba. Tukipishana barabarani tunapungiana mikono, wote, hata kama hatujuani. Daktari wa Kiholanzi mwenye gari jipya refu kama basi la shule ananipungia mimi. Wewe unayekaa ofisini huenda ukaona ni jambo dogo, lakini mimi kazini nina msimamizi wa miaka ishirini na sita anayeniita “wewe wa zege”, na kwa mwezi mmoja kwa mwaka watu wananipungia.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Kuna mji kaskazini mwa Hispania, kwenye uwanda wa ngano wa Palencia, watu mia na arobaini, na jina lake silitaji, nimeshalitaja mara moja na utaona kilichotokea. Nyuma ya kanisa wana uwanja wa mawe ambapo zamani walipuria ngano, siku hizi wanachezea ngoma za sikukuu yao, na kando yake lipo bomba la maji lenye kufuli. Ufunguo anakaa nao mwoka mikate, mjane, nimwite Visitación. Mgeni sharti aende mwenyewe kuuomba na aurudishe mwenyewe, na hapo kwenye kuomba na kurudisha ndipo mnapojuana. Mara ya kwanza alituangalia kutoka viatuni mpaka kofia akasema, “Laleni, tekeni maji, nunueni mkate. Meza na viti vibaki ndani ya gari, maana mmeegesha, hamjapiga kambi. Na msituandike kwenye simu.” Lucília akamwambia kwamba sisi hata barua hatujui kuandika, wakacheka, na tangu siku hiyo wao ni kama mtu na dada yake. Tulilala pale Agosti tatu. Mke wangu anamfungia kahawa ya kutoka huku, yeye anamwita “mrembo wangu” na kumfundisha kukanda unga.

Iko programu ya simu ambayo watu wetu wanaandikiana mahali pa kulala, na mimi nilikuwa natumia ya wenzangu siku zote bila kutoa kitu. Msimu wa baridi uliopita niliumia mgongo, nikalazwa nyumbani wiki tano, Lucília yuko kazini kwake anasafisha shule, na mimi niko na simu na ukuta. Nikaandika mji mmoja, ule wa vigae, kwa jina la Konokono. Kesho yake watu wanne wakanishukuru. Nikaandika wa daraja, wakanishukuru kumi na moja, mmoja mhandisi wa Kijerumani akaandika kwamba Konokono ana jicho la pekee. Bi Graciete, hakuna mtu aliyewahi kuniambia nina jicho. Siku ya tatu nilikuwa nimemaliza yote isipokuwa ule mmoja, nikauandika nao pia. Niliweka picha ya uwanja, ya bomba, na ya ufunguo ukiwa kwenye kiganja changu, nikaeleza kwamba ufunguo uko kwa mama wa mikate, ni mkarimu, hakatai mtu. Walishukuru mia mbili na kitu.

Agosti hii tulipofika tulikuta nguzo ya chuma imetundikwa kukingama juu ya njia ya kuingilia uwanjani, kimo chake mtu mrefu akiinua mkono anaigusa, gari letu halipiti. Tukaegesha kando ya makaburi tukaenda dukani kwa miguu. Visitación alikuwa amekonda. Alimweleza Lucília kwamba kuanzia Mei magari yalikuja, siku nyingine yakifika thelathini na mawili, wenyewe wametandaza turubai, viti, mazulia, majiko ya kuchomea nyama, na kwamba siku ya sikukuu ngoma ilichezewa barabarani kwa sababu uwanja ulikuwa umejaa. Halafu mtu mmoja akamwaga tangi la choo kwenye mfereji, naye hakujua, au hakujali, kwamba mfereji ule unakwenda kwenye bustani za mboga. Watu walitupa nyanya za mwaka mzima. Na kwa kuwa ufunguo unatoka dukani kwake, na maandishi yenyewe yanamtaja yeye, mji umeamua kwamba ni yeye aliyejitangaza ili auze mikate. Nusu ya mji sasa inanunua mkate wa gari linalopita kutoka mji mkubwa. Nyumba ya tanuri ni mali ya halmashauri, mkataba wake unakwisha mwaka huu, na Ijumaa ile ya Oktoba watakaa kuamua kama wampe tena.

Lucília aliweka kikapu chini. Akasema, “Aliyeandika haya, Mungu amnyime mahali pa tambarare pa kulala mpaka afe.” Visitación hakusema kitu kuhusu huyo mtu. Alinifungia mikate miwili, akaniangalia, akasema, “Mreno leo umemeza ulimi.” Nikasema ni joto. Akasema, “Haya, joto.”

Tuliporudi huku nilifuta yale maandishi, lakini wengine walishaweka yao na picha zao, hayafutiki. Na sasa Lucília ameandika barua kwa halmashauri ile, kurasa mbili, amesaidiwa na binti yetu, kwamba sisi ni wageni wa mji ule tangu miaka mitatu, kwamba Visitación ndiye aliyetukataza kuandika, na kwamba tunaapa mbele ya Mungu hatujamwambia mtu. Ameshatia sahihi. Imekaa mezani kando ya chumvi wiki ya pili inanisubiri. Nimemwambia miwani imevunjika, akanunua nyingine. Juzi akaniuliza, “Kwani wewe mume wangu, kalamu imekuwa nzito kuliko nyundo?” Nikitia sahihi nimeapa uongo, lakini huenda barua ikamwokoa yule mama. Nisipotia, Lucília atajua. Na mwakani nastaafu, tulipanga kuishi ndani ya gari lile miezi sita kwa mwaka, sisi wawili kwenye chumba cha hatua nne, na sijui kama mtu anaweza kuishi hatua nne na mwanamke aliyemlaani bila kujua. Je, nitie sahihi ninyamaze? Au nimwambie Visitación peke yake kwa simu? Au tupitie njia nyingine mwakani, jambo lipoe lenyewe?

Mwashi aliyechoka, Luxemburgi


BI GRACIETE ANAJIBU

Ndugu Mwashi,

Nimeiweka barua yako mbele ya nyingine zilizotangulia, na wenye zamu wanisamehe. Gazeti hili linatoka Alhamisi asubuhi. Ukilisoma kazini wakati wa chai, una muda mpaka saa ya kurudi nyumbani kuamua, kwa sababu Lucília naye atalisoma. Umebadilisha majina, lakini kufuli la bomba, tanuri na ile barua kando ya chumvi hukuvibadilisha. Sidhani kama ulisahau. Nadhani ulitaka mimi nimwambie kwa niaba yako. Sitaifanya kazi hiyo. Jioni hii hii, kabla hajavua koti, mwambie mwenyewe, na anza na neno “mimi”, usianze na mgongo wala na baridi.

Nakuelewa zaidi kuliko unavyodhani. Mtu aliyefanya kazi miaka thelathini na bado anaitwa “wewe wa zege” akisikia kwamba ana jicho, atataka kusikia tena. Kutaka shukrani si dhambi. Lakini hukutoa kitu chako, bwana. Ukarimu ulikuwa wa yule mama na uwanja ulikuwa wa watu mia na arobaini, wewe ukavigawa kwa wageni na shukrani ukapokea wewe. Na uliandika kwamba hakatai mtu. Uliwezaje kuandika hivyo, wakati neno la kwanza alilokuambia lilikuwa la kukataza?

Maswali yako matatu yote yanauliza namna ya kutoonekana. Ukinyamaza huonekani. Ukipiga simu anakuona mmoja tu. Ukibadilisha njia huonekani kabisa. Kwa hiyo yote matatu nakukatalia.

Barua ya mkeo usitie sahihi. Kwanza ni uongo, na pili haitamfaa yule mama hata kidogo. Wageni wawili wanaoapa kwamba ni watu wema hawabadilishi kichwa cha halmashauri iliyokula hasara ya nyanya. Inayobadilisha ni barua ya mtu anayesema: ni mimi niliyeandika, hili ndilo jina langu na hii ndiyo anwani yangu, yeye alinikataza kwa mdomo wake, nilivunja ahadi, na yeye hakupata habari. Andika kwa mkono wako na makosa yako ya darasa la nne. Binti yenu asiisahihishe. Itume kwa posta ya rejista, kisha uende mwenyewe siku ya kikao, maana karatasi mtu anaweza kuiweka chini ya karatasi nyingine. Omba siku tatu za likizo. Msimamizi wako akinuna, anune. Nenda kwa basi. Gari-nyumba liache huku, usije ukawaingilia na turubai lako watu wanaojadili magari-nyumba.

Unafika siku moja kabla, unakwenda dukani kwanza. Unaniambia Visitación hakusema kitu kuhusu mwandishi. Nakushangaa. Mwanamke aliyekupa ufunguo mkononi kila Agosti bila shaka anaonyeshwa ile picha ya ufunguo kwenye kiganja cha mwashi, halafu anakuambia umemeza ulimi, na wewe unasema ni joto. Alikupa nafasi, ndugu yangu, mbele ya mkeo, na alikuwa na njia ya kukuumbua pale pale. Hakuitumia. Najua wewe umekaa unaogopa kwamba atajua. Mimi naona anajua, na tangu Agosti anangoja kuona wewe ni mtu wa namna gani.

Usitangulize mikono yako. Najua waashi, mkikosea mnataka kujenga kitu. Maneno yatangulie. Baada ya kikao, wakikuomba uwajengee kizuizi cha mfereji, jenga. Wasipokuomba, usijipendekeze. Na kabla ya kuondoka huku, rudi kwenye ile programu kwa jina lako lile lile la Konokono, uandike kwamba mahali pale pamefungwa, pamefungwa kwa kosa lako, na walioweka maandishi na picha zao waombe wafute. Si wote watafuta. Baadhi watafuta, na baadhi ni bora kuliko hakuna.

Kuhusu hatua nne na Lucília, siwezi kukuahidi. Atakasirika, na ana haki, kwa sababu amekaa wiki mbili akimtetea rafiki yake kwa kalamu huku aliyemuumiza rafiki huyo akimwomba chumvi. Mwache akasirike mpaka achoke. Akikuuliza kwa nini hukumwambia pale dukani, usimjibu kwa habari za joto.

Wala usimwulize mtu yeyote kule kama ile nguzo itaondolewa. Hilo si lako tena. Wakikusikiliza kisha wakakuambia usirudi, waage, panda basi lako, na mwakani mpitie kwingine. Ninyi mna daftari zima la miji. Visitación ana tanuri moja.